Kwa nini sumaku pekee haitoshi
Ndugu wa Mbeya, umeuliza kwa nini shabaha ya protoni (kipande cha mada kinachopigwa na miale ya chembe katika majaribio, protoni zake zikiwa zimepangwa kuelekea upande mmoja) ipoozwe mno wakati sumaku kali ipo. Usumaku wa protoni ni hafifu sana, hivyo hata katika uga wa tesla 5 na halijoto ya kelvini 1 (takribani nyuzi −272 za Selsiasi), mpangilio wa protoni hufikia takribani asilimia 0.5 tu, ilhali elektroni hufikia zaidi ya asilimia 99. Alfajiri ya jalidi kule kwenye nyanda za juu za Kitulo bado inazidi kelvini 260 (takribani nyuzi −13 za Selsiasi), joto linalovuruga karibu mpangilio wote. Ndipo hutumika mawimbi ya maikrowevu ya takribani gigahezi 140, ambayo huhamishia mpangilio wa elektroni kwa protoni, na mpangilio wa protoni za amonia iliyogandishwa huvuka asilimia 90; kwangu, hii ndiyo mbinu nzuri kuliko zote katika fani hii.