Dodoma Unga Tunao, Shida ni Mashine

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma na ofisi yetu mwaka 2019, na kazi yangu sasa iko Mtumba. Nimekulia Temeke, na tangu utotoni asubuhi yangu ni chapati au maandazi mawili.

Kwa miaka mitatu nimekuwa naishiwa damu, tumbo linajaa gesi na naharisha mara kwa mara. Nimetibiwa minyoo, amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Mwezi wa tatu damu ilishuka hadi 7. Daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu ambacho sikuwahi kukisikia, halafu nikaingizwa mpira wenye kamera, wakachukua vinyama vidogo vya utumbo. Majibu yamesema nina ugonjwa wa seliaki. Naambiwa niache ngano, shayiri na kila chenye gluteni, maisha yangu yote.

Nimelia, Mama. Saa nne ofisini kila mtu anaagiza chai na chapati, mimi nakunywa chai tupu. Mama mkwe, Mrangi wa Kondoa tunayeishi naye hapa Nkuhungu, anasema huu ni ugonjwa wa wazungu na kwamba nadharau chakula chake. Baba watoto ananiambia nionje kidogo tu ili mama aridhike. Nimehamia kwenye unga wa uji wa lishe wa dukani nikijua uko salama, lakini tumbo bado linanisumbua. Kidogo tu kina ubaya gani? Nile nini? Watoto wangu wawili nao wapimwe? Na Jumapili ninapopokea komunyo?

Mama wa wawili, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye damu, kwa sababu hapo ndipo nilipojiona mwenyewe.

Nimezaliwa Mvumi, nikalelewa kwa ugali wa uwele na mlenda. Ngano kwetu ilikuwa chakula cha Krismasi. Nilipopata kazi mjini nikaanza kula mkate kila siku, na baada ya miaka michache nikawa mtu wa kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Nilihangaika miaka kumi na moja. Nimemeza vidonge vya kuongeza damu mpaka nikachoka kuvitazama, na hospitali moja ikaniambia ni mawazo. Lakini kila nikienda likizo Mvumi, wiki ya tatu nguvu zinarudi. Ndugu zangu walisema ni hewa ya nyumbani, nami nikaamini. Kumbe ni chungu cha mama, ambacho hakikuwa na ngano ndani yake.

Nilikuja kupimwa nikiwa na miaka 43. Ndipo nikasoma habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 njaa iliikumba nchi yake, mkate ukaadimika, na watoto aliokuwa akiwatibu kwa tumbo hili hili wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofika. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nilisoma hayo nikaikumbuka likizo yangu ya Mvumi, nikafunika uso.

Gluteni ni ile protini inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo mwembamba na kuuumiza, na vile vijinyweleo vinavyonyonya chakula vinasinyaa. Dawa za kuongeza damu ulikuwa unazimeza, lakini hazikuwa na pa kuingilia.

Kwa hiyo kuonja kidogo, hapana. Mwambie baba watoto nimesema hapana, na twende mbele zaidi: siku ya kliniki aende nawe, akasikie kwa daktari. Chakula kinachoruhusiwa kimataifa kuitwa kisicho na gluteni kinatakiwa kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Makombo ya mkate yaliyobaki kwenye kisu yanaweza kuuchokoza utumbo, hata siku ambayo tumbo halitauma. Na mama asikie pia kwamba huu si ugonjwa wa wazungu. Wasaharawi wa Sahara Magharibi ni Waafrika wenzetu, na watoto wao walipopimwa, zaidi ya watano katika kila mia walikutwa nao.

Sasa tuje kwenye unga, maana hapa ndipo tumbo lako limekwama.

Umehamia mkoa ambao ghala lake karibu lote ni lako. Uwele, mtama, ulezi, mahindi, mchele wa Bahi, karanga, kunde, mbaazi, viazi vitamu, mihogo: vyote hivyo havina gluteni. Lakini unga wa lishe wa dukani mara nyingi unachanganywa na ngano. Soma pakiti. Na kama pakiti haina maandishi, usinunue, hata muuzaji akiapa.

Tuseme haukuwekwa ngano. Bado kuna mashine. Mashine iliyosaga ngano jana inabaki na unga wake kwenye chekeche, kwenye pembe za chuma, na kwenye kile kitambaa kinachopokea unga. Mtama wako ukipita leo unaondoka nao. Wapo watakaokuambia tutatanguliza kilo mbili za mahindi kusafisha. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na mwaka mzima vipimo vyangu vya seliaki havikushuka. Nakusihi usipite njia hiyo.

Fanya hivi. Nunua nafaka nzima, pale Majengo au kwa mkulima unayemfahamu. Chagua punje moja moja kwenye ungo, maana magunia ya sokoni hutumika tena na punje za ngano hujificha humo. Osha, anika kwenye turubai lako mwenyewe. Halafu zunguka mtaani na swali moja tu kwa kila mwendesha mashine: hapa mnasaga ngano? Akisema hata mara moja kwa wiki, mshukuru, nenda kwingine. Mimi nilipita mashine sita ndipo nikampata kijana anayesaga mahindi na mtama tu, na hadi leo nampelekea kilo 20 kwa mara moja. Usipompata, kinu na mchi vipo. Mama zetu walitwanga, na unga wa kutwanga ukiuchekecha vizuri unatoa uji laini kabisa.

Nyumbani tenga mwiko, chujio, kikaango na kibao chako. Kibao cha mti kilichosukumiwa chapati miaka kumi hakioshwi kikatakata. Mafuta yaliyokaanga maandazi usikaangie viazi vyako, na kwa sababu hiyo hiyo chips za kibandani ulizia kwanza kama karai ni lile lile la sambusa. Vitumbua vya mchele ni vyako, ila wapo wanaoongeza ngano vishikane. Bagia vivyo hivyo. Mchuzi mzito wa hotelini, kuku wa kuchovya kwenye unga, soseji, sosi ya soya: uliza. Mishkaki na nyama choma yenye chumvi na ndimu tu kula kwa amani. Bia ya shayiri acha, mvinyo wa zabibu zetu hauna neno.

Kuhusu mama mkwe, nina ombi. Huyo mama ametoka Kondoa, anaijua mtama na uwele kuliko mimi na wewe. Ingia naye jikoni jioni moja, mwombe akufundishe kusonga ugali wa uwele usiwe na madonge, na mlenda mkavu wa karanga. Usianze na habari za ugonjwa. Anza na kumuuliza mama yake alikuwa anapika nini. Mimi wa kwangu alilia siku nilipomuuliza hivyo, kisha akawa ndiye anayewazuia wageni kugusa chungu changu.

Watoto wapimwe, ndiyo, maana takriban mmoja kati ya ndugu kumi wa damu wa karibu hukutwa nao. Lakini sikiliza vizuri: usiwaachishe ngano kabla ya kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliochokozwa na gluteni. Ukiiondoa mapema, askari hao hupungua na majibu yanaweza kudanganya. Hili nawaambia wasomaji wote wanaoacha mkate kwa kuhisi tu. Pimeni kwanza.

Komunyo. Hostia ni ngano, na kwa imani yetu haiwezi kuwa kitu kingine. Barua ya Vatikano ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo sana inafaa. Muone paroko mapema, si mlangoni Jumapili. Njia ninayoitumia mimi ni kupokea Damu ya Kristo peke yake, kwa kikombe cha pembeni, kwa sababu kwenye kikombe cha padri hudondoshwa kipande cha hostia. Jumapili za kwanza nilijisikia kutazamwa. Siku hizi simfikirii anayetazama.

Utumbo haupone kwa wiki. Kwa mtu mzima ni miezi mingi, wengine hufika miaka miwili. Maziwa yakikuletea gesi kwa sasa, yapunguze, baadaye utayarudia. Vidonge vya damu endelea navyo kama daktari alivyopanga, na urudie kipimo baada ya miezi sita.

Na chai ya saa nne nimekutafutia. Chemsha vikombe viwili vya maji na chumvi na kijiko cha mafuta. Yakitokota, mimina vikombe viwili vya unga laini wa mtama mweupe, koroga, epua, funika dakika kumi. Kanda ungali wa moto kiasi mkono unavyovumilia, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Gawanya madonge, kila moja libane kati ya plastiki mbili safi ulisukume taratibu, kwa sababu halina gluteni ya kulishikilia na litapasuka pembeni ukiwa na haraka. Choma kwenye kikaango kikavu, upande hadi upande, kisha paka samli. Funga kwenye kitambaa zikiwa za moto, ziende nawe Mtumba. Pika za siku ile ile tu, za jana hukakamaa.

Ukipata mashine isiyosaga ngano huko Nkuhungu, niandikie ni mtaa gani. Wapo wasomaji wengine wawili wa upande huo wanaoitafuta.