Mkuu, usimwandikishe mtoto Psyche. Mimi ninaye Persephone nyumbani

Simama hapo hapo mkuu, weka kalamu chini.

Mleta uzi anasema mkewe yuko wiki ya 37, mtoto ni wa kike, na wamekubaliana watafute jina kwenye hadithi za miungu ya kale ya dunia nzima. Orodha yao ni Psyche, Daphne, Calypso na Nyx. Anauliza lipi zuri, padri atakubali kubatiza jina gani, na jina la pili litoke kwa bibi wa upande upi. Nimesoma wachangiaji wote hapo juu. "Psyche tamu sana." "Hongera mkuu, una upeo." Hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kusimama dirishani kwenye foleni na vyeti vya mtoto mwenye jina la namna hiyo. Mimi nimesimama.

Binti yangu anaitwa Persephone. Au Pesifoni. Au Persephon. Inategemea umeshika karatasi ipi.

Alizaliwa Morogoro mwaka 2005. Enzi hizo intaneti unalipia kwa nusu saa. Nikakaa kafe moja jirani na stendi, feni inalia kama trekta, nikaingia kwenye tovuti ya majina ya watoto, yote rangi ya waridi, maua kila kona. Imeandikwa: Persephone, asili Ugiriki, binti wa majira ya maua. Basi, mstari mmoja. Mtaani kwetu kulikuwa na akina Neema wanne na Happiness watatu, nikajiona nimeokota almasi. Nikamwonyesha jamaa yangu mmoja wa kazini, aliyekaa Ulaya miaka miwili na hajaacha kututajia mpaka leo. Akasema, "Hilo ndilo jina la kisomi." Kisomi! Wanawe yeye wanaitwa John na Anna. Nikimwona kwa mbali hadi leo huwa nabadilisha njia, maana naweza kusema maneno ambayo mods wa jukwaa hili watanifungia.

Sasa kosa lenyewe. Lilichukua sekunde tano. Nesi aliuliza, "Jina la mtoto?" Nikalitaja kwa majivuno, kwa lafudhi ya yule jamaa wa Ulaya, kama mtu anayesoma habari redioni. Nesi akaandika alichosikia. Mimi sikuangalia karatasi. Ndiyo, sikuangalia, nilikuwa nahesabu vidole vya mtoto kama baba yeyote mwenye akili pungufu siku hiyo. Kile alichosikia nesi ndicho kilichokuja kukaa kwenye cheti cha kuzaliwa: Pesifoni.

Nilipokiona nikasema haina shida, nitarekebisha. Mkuu, neno "nitarekebisha" ndilo lililonifilisi. Darasa la kwanza nikajaza fomu kwa mkono wangu, Persephone, herufi kubwa kabisa. Mwalimu akinakili kwenye rejista akaiacha ile e ya mwisho, kwa sababu kwake haikuwa na kazi. Na alikuwa na haki! Kiswahili chetu tunasoma kila herufi, e ikiwapo inasomwa. Yeye alinisikia nikiishia na "ni", akaona hiyo e inamdanganya. Akamaliza darasa la saba anaitwa Persephon. Kidato cha nne binti mwenyewe ameshapata akili, akajisajili sawasawa, Persephone. Vyeti vitatu, watu watatu.

Mwaka jana, 2025, akamaliza kidato cha sita, akapata chuo, tukaanza kuomba mkopo. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile. Lete kiapo. Nikaenda kwa wakili. Kiapo kikaonekana hakitoshi, rekebisha kwanza cheti cha kuzaliwa. Nikaenda. Lete ushahidi wa shule ya msingi. Nikaleta, nikiwa nimesahau kabisa kwamba huko ndiko aliko yule wa tatu. Dada wa dirishani akavipanga vile vyeti mezani kama anacheza karata, akaniangalia.

"Mzee, una watoto wa kike wangapi?"

"Mmoja."

"Mbona hapa naona watatu?"

Watu wa foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, ungefanyaje. Lakini usiku ule sikulala. Wakili, mihuri, nauli za Dar kwenda na kurudi, siku za kazi nilizokatwa. Nilipofika laki nne niliacha kuhesabu kwa ajili ya afya yangu. Majina yalipokuja kulingana, dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa. Muhula wa kwanza nimelipa mimi, na ili nilipe niliuza pikipiki iliyokuwa inatuletea hela ya kula. Wagiriki wanasimulia kwamba Hades, mfalme wa kuzimu, alimchukua Persephone kwa gari la farasi. Wangu ameondoka na pikipiki.

Tovuti ile ya waridi ingeniambia nini? Ingeniambia tu kwamba jina hili lina "ph" inayosomwa f na "e" ya mwisho inayosomwa i, na kwamba ukilipeleka kwa watu wanaosoma kila herufi wataligeuza mara tatu. Lakini wale hawauzi taarifa. Wanauza majina kama mtu wa mitumba anavyotundika shati, upande wenye tundu unatazama ukutani. Pandora wanakuandikia "aliyejaliwa zawadi zote", mtungi aliofungua mabaya yakamwagika duniani hawautaji. Calypso wako wewe wamekuandikia "mrembo wa kisiwani", sivyo? Yule alimzuia shujaa Odysseus kisiwani miaka saba, na mwenzake ana mke nyumbani anasubiri.

Na wangu? "Majira ya maua." Kwanza majira ya maua yapi, sisi tuna masika na kiangazi. Pili, binti alipokuwa kidato cha pili alikuja na simu ya mama yake, ametulia kabisa, akaniuliza wakati tunakula: "Baba, kumbe mimi ni malkia wa kuzimu?" Mke wangu akaweka kijiko chini. Ikabidi nieleze. Kwamba msichana alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, Hades akambeba. Mama yake Demeter, mungu wa nafaka, akagoma kazi, shamba halioti hata bua. Miungu ikaamua binti arudishwe, ila alikuwa ameshakula punje za komamanga kule chini, na aliyekula cha kuzimu ni wa kuzimu. Basi akawa anakaa sehemu ya mwaka kule na sehemu juu kwa mama, na akiwa juu ndipo dunia inachanua. Hayo ndiyo "majira ya maua" yao. Mke wangu hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama mwanetu akiolewa nitagoma kulima.

Hadithi yenyewe nzuri, sikatai. Hadithi haijanigharimu hata shilingi. Kilichonigharimu ni herufi.

Mtaani nako ni sura nyingine. Bibi yake, mama mkwe wangu, hakuwahi hata siku moja kuitamka. Alianza na Pesafoni, kwa nia njema kabisa. Sasa piga hesabu: mwaka 2008 M-Pesa inaingia Tanzania, mtoto ana miaka mitatu, anaitwa Pesafoni. Kazi ikaisha. Mwenye duka anamwambia "nitumie na ya kutolea". Shuleni akaitwa Simu, akaitwa Vocha, akikasirika wanasema chaji imeisha. Zile meseji za matapeli zilipoanza, wajomba zake wakawa wanamsalimia "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuwa anacheka mbele yao na kuja kulia chumbani.

Ndiyo maana nimeruka nilipoona Psyche. Mkuu, hiyo ni Persephone mara mbili! Mwalimu ataisoma Pisiche. Karani ataisikia Saiki na kuandika Saiki. Watoto wa shule za Kiingereza wataanza na Saiko, yaani kichaa, na hapo hutaweza kumtetea, maana utakuwa unawaeleza watoto wa darasa la tatu kwamba kwa Kigiriki ni nafsi na kipepeo. Halafu ujue hadithi yake inapitia wapi: Aphrodite, mungu wa mapenzi, alimpa kazi ngumu ngumu, kutenganisha lundo la nafaka mpaka sisimizi wakamhurumia, na ya mwisho akamtuma kuzimu akaombe kijisanduku cha urembo. Kwa nani? Kwa Persephone. Yaani binti yako ataanza maisha kwa kutumwa kwangu, na mimi sina kitu nimeshauza pikipiki.

Sheria yangu ni moja na nimeinunua kwa bei mbaya: usimwonyeshe mtu jina, mtajie. Tafuta watu watatu ambao hawajawahi kulisikia. Mama ntilie, bibi, na mtu yeyote mwenye kazi ya kujaza fomu. Litaje mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kutaja herufi hata moja, waandike. Karatasi tatu zikifanana na ulichokusudia wewe, mpe mtoto. Ikitofautiana moja, chana. Usiseme "nitawaelekeza". Huwezi kuwa kwenye kila dirisha la maisha yake ukielekeza. Jina rasmi la mtoto ni lile alilosikia karani, wewe ulilosoma usiku kwenye simu ni lako na mkeo.

Mdogo wangu wa kike alitaka Freya, yule wa kaskazini ya Ulaya mwenye gari linalovutwa na paka. Jina fupi, nikadhani litapita. Tukawatajia watatu. Mmoja akaandika Freya, wa pili Fureya, wa tatu, mama wa makamo anauza vitumbua, akaandika Furaha na kutuuliza kama kuna kingine. Selene, mwezi wa Wagiriki, akatoka Celine. Nyx usinitajie, Kiswahili hakina hata hiyo x.

Ila kuandikika peke yake hakutoshi, na hapa nakupa bure. Yapo majina yanayopita karatasi zote tatu na bado yatakuumbua, kwa sababu yanaandikika vizuri mno, ni maneno yetu. Sita, mke wa Rama, mwanamke wa kuheshimika India nzima. Hapa ni namba, na akikaa dawati la saba ni balaa. Uma, jina jingine la Parvati, mungu wa kike wa Wahindu: chombo cha mezani au amri kwa mbwa. Pele, mungu wa volkano wa Hawaii: sina haja ya kueleza, na watamwimbia kila siku ile methali ya pele na kucha. Oya wa Wayoruba, mwenye upepo na dhoruba, ni mkubwa sana, lakini kila konda atakuwa anamwita. Hera, malkia wa miungu ya Wagiriki, kwa Wajaluo ni upendo, safi kabisa. Vuka uende kwa wasiotofautisha r na l, anakuwa Hela, na tumeshakubaliana mimi na hela tulipofikishana.

Mdogo wangu alimwita mtoto wake Hina. Visiwa vya Polynesia wanasimulia huyo ni mwanamke aliyechoka kugonga magome ya miti kutengeneza nguo, akapanda zake mwezini akakaa huko. Watu watatu, karatasi tatu, Hina, Hina, Hina. Mtaani wanajua ni ile ya mikononi, wanasema mtoto kapewa jina la arusi. Hajawahi kutaniwa hata siku moja na mimi namwonea wivu mama yake.

Na kama unataka hadithi nzito, kwa nini unapanda ndege? Nambi wa Buganda yupo hapo jirani. Binti wa mbinguni, kaolewa na Kintu, mtu wa kwanza, wakaambiwa washuke upesi na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu. Akasahau ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku, ikarudiwa, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akawafuata duniani. Kuna kuzimu humo ya kutosha kukuridhisha, na herufi tano tu. Mumbi wa Wagikuyu naye, mama wa mabinti tisa ambao koo zinaitwa kwa majina yao, mtajie nesi yeyote wa Kenya uone kama atauliza mara mbili.

Binti yangu nilimuuliza, tulipokuwa kwa wakili, kama anataka tubadilishe kabisa awe Neema tupumzike. Akakataa. Amesema ameshazoea, na kwamba malkia ni malkia hata wa kuzimu. Wakili akaandika jina, nikamwomba karatasi, nikalisoma herufi moja moja kwa kidole, mara mbili, kabla ya muhuri.

Wewe bado una wiki tatu. Leo jioni nenda kwa mama ntilie wako na kalamu, mtajie hiyo Psyche, kisha njoo hapa utuambie kaandika nini.