Midia ya kidijitali kama maina: chukua, ila uliza kwanza

Mkuu, umesema uko mwaka wa kwanza hapa Dar, unasoma uchumi, na unasita kuongeza midia ya kidijitali na mawasiliano kama maina, yaani fani ndogo ya pili kando ya ile kuu ya shahada, kwa sababu kuhariri video kunafundishwa bure YouTube. Mimi nilisoma sayansi ya uvuvi, na maina yangu ilikuwa hiyo hiyo. Chukua.

Kuhariri kweli utajifunza YouTube. Usichokipata huko ni mtu wa kukurudishia kazi yako. Semista ya pili nilirekodi video Feri, alfajiri wakati wa mnada wa samaki. Dakika 6 nzima za kuhifadhi samaki wasiharibike: bakteria, nyuzijoto, chati. Mwalimu akaniambia, kabla sijakusanya, niipeleke kwa wachuuzi wenyewe. Mama mmoja akaitazama kama nusu dakika, akanirudishia simu: "Mwanangu, sasa barafu niweke kiasi gani?" Jibu lilikuwemo, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki kwa joto letu hili, ila nililificha dakika ya 5.

Nikaanza upya. Sekunde 50, na cha kwanza kuonekana ni mikono yake: barafu, samaki, barafu tena. Kelele za mnada na upepo wa bahari zilikuwa zimemeza maneno yote, kwa hiyo safari hii nilimwomba afiche simu ya pili ndani ya mtandio, inarekodi sauti tu. Nikagonganisha viganja, kofi moja tu, mbele ya kamera. Nyumbani nikalioanisha kofi la kwenye picha na la kwenye sauti, ili sauti ya simu ya pili iende sawa na picha. Faili nikalipunguza lisimalize bando la mtu. Wiki iliyofuata yule mama akanionyesha video imemrudia WhatsApp, katumiwa na ndugu yake wa Kigamboni. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo.

Sasa wewe wa uchumi: Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi. Nani anamweleza mama lishe wa Mwenge inamhusu vipi? Hapo pana kazi ya kutosha.

Usidharau kipindi cha sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kanuni za Maudhui Mtandaoni, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinamgusa yeyote anayerekodi watu na kurusha. Ila ukitaka kuwa mwandishi wa habari, soma uandishi wenyewe, maina haitoshi.

Chuoni kwetu kamera zilikuwa 2 kwa darasa zima, tukategemea simu zetu. Kwa hiyo kabla usajili wa kozi haujafungwa, pita idarani uulize vifaa viko vingapi na alama ngapi zinatokana na kazi za vitendo. Wakikwambia ni mtihani wa kuandika tu, kachukue maina ya takwimu.