Mama, Hiyo Tuisheni ya PP2 Achana Nayo Kwanza

Jana usiku mama mmoja wa Kayole ameniandikia inboksi, "Ticha, wangu ako PP2, chekechea mwaka wa pili, na bado hajui kuandika mpaka 50, si nimtafutie tuisheni ya Jumamosi?" Nimeisoma mara tatu, roho ikaniuma, na si kwa ajili ya mtoto.

2019, mtaala mpya wa CBC ukianza, nilikuwa na PP1, watoto 31 wa miaka 4, kwa kashule fulani ka Eastlands ambako sitakataja. Kwa ratiba kulikuwa na shughuli za mazingira na mimi nikazichukulia siriasi, nikabeba beseni langu la nguo na chungwa la mama mboga. Nikiliweka kwa maji litazama ama litaelea? Wote: litazama! Likaelea. Weh, kelele ilifika ofisini. Nikalimenya, nikarudisha, likazama. Sasa wakanyamaza, mpaka kajamaa kamoja ambako hakaongeangi darasani kakasema, "Ticha umelivua sweta, limesikia baridi." Ningemwambia hapo hapo ganda liko na hewa ndani, lakini niliuma ulimi nikamuuliza tu, tutajuaje? Akachukua maganda akayatupa majini, yakaelea, akayaangaliaaa, akasema "kumbe ni sweta ndio inajua kuogelea." Miaka 4 jameni! Ametazama, amekisia, amejaribu, amebadilisha mawazo, na hakuna mtu amemfundisha. Mpaka leo nikikumbuka najipiga kifua.

Wazazi sasa. Mtoto amerudi nyumbani amelowa na kitabu hakina kitu, grupu ya WhatsApp ikawaka, eti tunalipa karo watoto wacheze na maji? Nikaitwa, nikaambiwa nirudi kwa a e i o u, na muhula ukiisha mkataba wangu ukaisha nao. Beseni lilikuwa langu, nikatoka nalo mpaka steji na makanga akataka nililipie kiti.

Kwa hivyo mama, tuisheni ya nini? Mtoto wa miaka 5 ukimimina maji ya glasi fupi kwa glasi ndefu mbele yake, wengi wataapa yameongezeka, Piaget, yule mwanasaikolojia wa watoto, alishaandika hayo kitambo, na si ujinga, ni umri tu. Mpe kazi za jikoni. Akuchagulie mawe kwa maharagwe, atenge makubwa na madogo, akisie jagi ngapi zitajaza mtungi halafu ahesabu. Maharagwe mengine yaweke kwa pamba yenye maji, haya dirishani, haya ndani ya kabati, atakwambia ya gizani hayataota, na yataota, tena marefu ila yamepauka, hapo ndio maswali yanaanza.

Na usimjibie! Wazazi wa hii Nairobi tunajibia watoto sana, mtoto hajamaliza kuuliza ushamjibu na umerudi kwa simu, halafu akifika Grade 4 unashangaa mbona anangoja kuambiwa kila kitu. Leo jioni ukikoroga chai muulize sukari imeenda wapi, alafu unyamaze. Ukishindwa kunyamaza, rudi inboksi tuongee.