Je, nilikosea kusoma Habari Njema?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tangu mume wangu afariki nimekuwa nikisoma Biblia ya Habari Njema kila usiku, maana Biblia ya Union, ile tafsiri ya zamani, inanishinda. Shule niliishia darasa la saba. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi ameniambia hiyo ni Biblia iliyofutwa mistari, na kwamba Ufunuo 22:19 unanihukumu. Nimeifungia kabatini. Je, nimemkosea Mungu?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Pole sana kwa msiba. Hapana, hukumkosea Mungu. Itoe kabatini leo hii.

Ningeweza kuishia hapo, lakini maneno uliyoambiwa yamewafikia wengi, na huwaumiza zaidi wale walioanza tu kuonja Neno. Acha niyajibu.

Namba za mistari hazikuandikwa na mitume. Robert Estienne, mchapaji wa Ufaransa, ndiye aliyeipa Agano Jipya namba tunazotumia, mwaka 1551, akifuata Kigiriki kilichochapwa wakati wake. Baadaye wataalamu walichunguza nakala za kale zaidi, kama Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4, wakaona baadhi ya mistari haimo. Basi wafasiri wengine wakaishusha tanbihini, wengine wakaitia mabano. Anayeficha kitu hamwekei msomaji alama ya kukionyesha! Na huyo kiongozi afungue Union yake mwenyewe, Matendo 8:37. Atayakuta mabano. Je, nayo tuifungie kabatini?

Kuhusu Ufunuo 22, onyo lile lina pande mbili: mtu asiondoe maneno ya kitabu hicho, wala asiongeze. Wanaotishia wenzao kwa mstari wa 19 huuruka wa 18. Tena Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, nakala yake ya Ufunuo ilikuwa imepungukiwa ukurasa wa mwisho, akaijaza mistari hiyo kwa kuifasiri kutoka Kilatini. Yaani mistari hiyohiyo ya onyo! Toleo lake ndilo mzazi wa maandishi ambayo watu hawa wanayaita safi yasiyoguswa. Simdharau Erasmus, alifanya kazi kubwa. Ninachokataa ni kumtisha mjane kwa historia ambayo mtishaji hajaisoma.

Union nayo naipenda, na mahubiri yangu mengi yanatoka humo. Lakini ilitoka mwaka 1952, ikiunganisha kazi za waliofasiri kwa Kiunguja na kwa Kimvita. Haikushuka na Musa mlimani. Mitume wenyewe, walipoandika kwa Kigiriki, mara nyingi walinukuu Agano la Kale kutoka tafsiri ya Kigiriki, wala hawakuona haya. Na Nehemia 8:8 inasema Walawi walisoma torati, "wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa." Kusoma usichokielewa ili uonekane mcha Mungu si agizo la Biblia.

Basi soma Habari Njema. Ukifika penye fundisho zito, au ukisikia watu wanabishana juu ya mstari, weka Union pembeni ulinganishe. Na kama nakala yako ina Tobiti na Wamakabayo, usishtuke: ni toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, ambavyo Wakatoliki huvisoma kama Maandiko.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Usiku ni mrefu kwa aliyefiwa. Soma Zaburi ya 13, kisha ya 88, ambayo haimaliziki kwa furaha, na bado imo ndani ya Biblia. Kisha Ruthu, kitabu kizima kwa mkao mmoja; ni sura nne tu, na sura ya kwanza imejaa wajane. Siku ambayo machozi yamekuzidi, mistari miwili inatosha.

Na kiongozi wako usibishane naye. Mwombe mbele ya kikundi akusomee Matendo 8:37 katika Union yake. Akikukaripia kwa hilo, tafuta wenzako wengine wa kuomba nao, na umweleze mchungaji wako kwa nini umeondoka.