Maswali na Majibu: Mungu katika Maandishi ya Manusura wa Auschwitz

Swali: Katika kitabu cha Elie Wiesel kuhusu Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mtoto ananyongwa na mtu anauliza Mungu yuko wapi. Mchungaji wetu alihubiri kwamba jibu ni Msalaba. Je, ni sahihi?

Jibu: Mchungaji wako ana mtangulizi. Mwaka 1972 mwanateolojia wa Ujerumani, Jürgen Moltmann, aliisoma simulizi hiyo kuwa ushuhuda kwamba Mungu huteseka pamoja na wanaoteswa. Lakini Wiesel alikuwa Myahudi, aliyelelewa Sighet, mji wa Romania, katika Torati na Talmudi (mkusanyo wa mafundisho ya marabi) hadi alipopelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 15, na sauti anayoisikia moyoni, kwamba Mungu ndiye anayening'inia pale, haitaji ufufuo wala wokovu wowote. Tukiharakisha kumweka Kristo juu ya mti ule, tunamwondoa mtoto mwenyewe, na tunalikwepa swali ambalo Ukristo wa Ulaya, uliofundisha chuki dhidi ya Wayahudi kwa karne nyingi, unapaswa kuulizwa kwanza. Nawasihi wahubiri wakae na mtoto huyo kabla ya kumfafanua.

Swali: Basi Wiesel alimkana Mungu?

Jibu: Hapana. Alimshtaki, kama Ayubu, na asiyeamini hana wa kumshtaki. Tamthilia yake ya mwaka 1979 inamfikisha Mungu mbele ya mahakama.

Swali: Kwa nini tumsome Primo Levi, ambaye hakuwa mwamini, tunapotafuta teolojia?

Jibu: Kwa sababu ya mzee Kuhn, mfungwa mwenzake kambini. Katika kitabu chake cha mwaka 1947, Levi, mkemia wa Turin, Italia, anamwona Kuhn akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakuchaguliwa kwenda kuuawa, ilhali kwenye kitanda cha jirani amelala Beppo, Mgiriki wa miaka 20, anayejua kuwa keshokutwa ataingia chumba cha gesi. Levi anaandika kwamba angekuwa yeye Mungu, angeitemea mate sala hiyo. Sijui hukumu kali zaidi juu ya shukrani inayomsahau jirani, nasi husali hivyo kila tunaponusurika ajalini wenzetu wakifa.

Swali: Viktor Frankl anasema mateso yana maana. Je, hilo halitoshi?

Jibu: Frankl, daktari wa akili aliyenusurika kambini, alisema mtu anaweza kupata maana hata akiwa matesoni, hakusema kuwa mauaji yenyewe yalikuwa na maana. Msome pamoja na Jean Améry, mwandishi aliyeteswa na Wanazi, mzaliwa wa Vienna kama yeye, aliyeandika mwaka 1966 kwamba aliyewahi kuteswa hawezi tena kujisikia yuko nyumbani duniani.