Jino la kupandikiza likicheza si lazima ling'olewe

Je, jino la kupandikiza, yaani jino bandia linaloshikiliwa na chuma kilichowekwa ndani ya taya, likicheza ndiyo limeshindwa? Hapana, kucheza peke yake hakuthibitishi hivyo. Mara nyingi kilicholegea ni skrubu ndogo inayoshikilia jino bandia juu ya chuma hicho, na daktari anaikaza au kuibadilisha. Nafanya kazi kliniki ya meno, hili tunaliona sana. Daktari akilikagua na kupiga eksirei ndipo utajua. Ila kama chuma chenyewe ndani ya taya ndicho kinachocheza, mfupa haujakishika. Hakuna dawa ya kukikaza tena. Kinatolewa, mfupa unaachwa upone miezi kadhaa, kisha mara nyingi kinawekwa kingine. Wavutaji sigara na wenye sukari isiyodhibitiwa wako hatarini zaidi. Ukiona usaha, wahi leo, na upande huo usitafunie.